Bafu la Mama Hawo

Pale Garsen watu walimwita Jairus Fundi Shaba, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa amefunga mabomba kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwona akinunua mfereji bila kuupima kwanza kwenye kiganja. Aliingia dukani kwa Batula, muuza vifaa vya ujenzi karibu na stendi, akaomba mifereji yote ishushwe kutoka rafuni, akaishika mmoja mmoja huku amefumba macho nusu kama mtu anayesikiliza. Uliokuwa mwepesi aliurudisha. Uliong'aa kupita kiasi aliutilia shaka. Halafu alitoa sumaku mfukoni na kuigusisha. Ikinata, alijua kilichomo ni chuma kilichopakwa rangi tu, nacho kwa maji ya Tana hakimalizi misimu miwili ya mvua.

Mteja aliyefuatana naye alipata somo hata kama hakuliomba. Maji ya huku, alimweleza, hubeba mchanga laini unaoukwangua mpira wa ndani ya mfereji mpaka ukaisha. Ya kisima nayo yana chumvi inayoganda kwenye koki hadi ikakataa kuzunguka. Bomba la plastiki likiachwa juani huvunjika kama ganda la yai. Sakafu ya bafu lazima iinamie kwenye tundu la kutolea maji, na ukuta upakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya vigae, kwa sababu maji yanayoharibu nyumba si yale unayoyaona, ni yale yanayopita nyuma ya vigae. Na jambo moja alilirudia mara nyingi hata Batula akawa analitamka pamoja naye: pale mfereji wa chuma unapoingia ukutani, kile kipande kilichopinda kinachoupokea, elbo, kiwe na meno ya shaba. Elbo ya plastiki tupu ikikazwa na chuma huvumilia miezi michache, kisha hupata ufa mwembamba kama unywele, ndani kabisa, ambako hakuna anayeuona.

Watu walimcheka kidogo kwa mahubiri yake, lakini walimwita. Aliyefungiwa bafu na Fundi Shaba alijisifu nalo kwa wageni.

Mama yake, Hawo, aliishi Ngao. Maisha yake yote alikuwa amelima mpunga na ndizi kwenye mashamba ya kando ya mto, akazaa watoto wawili, Jairus na Metrine, akamzika mumewe, na kila Jumapili akakaa kwenye benchi la pili kanisani. Mafuriko ya El Niño yalipokuja yalichukua nyumba yake na shamba pamoja. Alikaa miezi mitano kwenye kambi ya mahema kule kwenye mwinuko. Hakulalamikia chakula wala joto. Kilichomkera ni kuoga. Bafu la kambini lilikuwa magunia manne yaliyofungwa kwenye miti, na yeye, mwanamke wa miaka sabini na mbili mwenye magoti mabovu, alilazimika kuamka kabla ya watu ili aoge bila kuonwa.

Wanawe walipochanga kumjengea nyumba ya matofali, mbali na maji, walimuuliza anataka nini ndani yake. Hakutaja kitanda wala meko. Alisema anataka kuoga akiwa amesimama, mlango umefungwa, bila kutoka nje.

Jairus alichukua kazi hiyo kama deni lake mwenyewe. Alinunua kila kitu kwa Batula, kila kitu kizito: mfereji wa sinki, koki ya choo, shawa yenye shingo ndefu, na elbo tatu zenye meno ya shaba. Aliziweka kwenye mfuko mmoja na kuuandika kwa kalamu nene, MAMA.

Alhamisi ya wiki hiyo alikuwa akimalizia kazi kwa Truphena, mama mmoja aliyekuwa akifungua nyumba ya wageni pale Garsen. Ilipungua elbo moja. Dukani zilikuwa zimekwisha, na lori la mzigo kutoka Mombasa lilitazamiwa Jumatatu. Truphena alikuwa na wageni Ijumaa. Jairus aliufungua ule mfuko, akatoa elbo moja, akaifunga kwa Truphena. Alijiambia ataona la kufanya.

Alifika Ngao Ijumaa na kufanya kazi kwa furaha. Hawo alikaa kwenye kiti mlangoni, akimtazama, akimuuliza kila kitu kinaitwaje. Sinki lilipata elbo ya shaba, choo kikapata ya pili. Jumamosi asubuhi ikabaki shawa, na mkononi mwake ikabaki elbo ya plastiki tupu aliyoiokota chini ya kisanduku cha vifaa. Aliitazama kwa muda. Kisha akazungusha utepe mweupe kwenye meno ya koki, akaikaza, akapiga lipu. Kigae cha kufunika pale alikibandika kwa saruji kidogo sana, ili wiki inayofuata atakapokuja kubadilisha kisimsumbue.

Kwa kawaida, kazi ikiisha, Jairus hujaza mabomba maji, hufunga mifereji yote, huyaacha mpaka kesho yake, kisha hupitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi ikilowa, hata kwa nukta moja, anaanza upya. Siku hiyo hakungoja. Truphena alimpigia simu kwamba sinki la jikoni limeziba na wageni wanakula. Kufika saa sita mchana Jairus alikuwa barabarani kurudi Garsen.

Wiki iliyofuata lori lilikuja, akanunua elbo, akaiweka kwenye mfuko. Mteja mmoja akaihitaji. Akanunua nyingine, nayo ikaenda kwa mteja mwingine. Kutoka Garsen mpaka Ngao ni mwendo mfupi wa pikipiki, saa moja ikiwa barabara ina matope. Si safari ya kumshinda mtu. Lakini wateja walikuwa wakipiga simu na mama yake hakupiga, na anayepiga simu ndiye huendewa. Baada ya miezi miwili aliacha hata kuikumbuka. Pengine ni kweli zaidi kusema kwamba aliikumbuka mara kwa mara, akiwa anakunywa chai au akiwa amelala kifudifudi chini ya sinki la mtu, na kila mara akajiambia kwamba kama ingekuwa na tatizo, angeambiwa.

Hawo naye aliwaleta akina mama wa kanisa mmoja mmoja walione bafu. Aliwafungulia shawa, akaifunga, akawaambia wasikilize kama watasikia hata tone. Aliwaambia Garsen nzima inajua kazi ya mwanawe hairudiwi.

Jairus alikuja Krismasi, akaja tena Pasaka, na mara zote mbili mama yake alimchotea maji kwenye ndoo. Maji ya tangi yamepungua, alisema, mradi wa maji haujayafungulia wiki hii, oga haya. Jairus alioga kwa kopo ndani ya bafu alilolifunga mwenyewe. Aliona sakafu imesuguliwa mpaka inang'aa, akafurahi kwamba mama yake analitunza. Hakuangalia tangi. Mtu hachunguzi tangi la mama yake wakati anaambiwa maji yamepungua na ndoo iko mbele yake, imejaa, na taulo safi iko juu yake.

Hawo alianguka Jumatano moja ya mwezi wa Julai, asubuhi, alipoingia kunawa kabla ya chai. Alilala pale sakafuni mpaka karibu saa nne, ndipo Kibibi, jirani yake, aliyekuja kuomba kiberiti, alipomsikia akiita kwa sauti ndogo, ya mtu anayeogopa kusumbua. Kibibi alisema baadaye kwamba jambo la kwanza mama yule alilomwomba si kuinuliwa. Alimwomba kwanza amletee leso ajifunike.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali ya Ngao walimtuliza maumivu wakampeleka Malindi, na huko akapasuliwa. Jairus aliacha kazi zote. Alikaa kando ya kitanda siku baada ya siku, akimlisha uji kwa kijiko, akimgeuza pamoja na wauguzi. Alimuuliza alivyoanguka, naye akajibu kwamba alikanyaga sabuni. Alimuuliza tena siku nyingine, naye akamtazama usoni.

"Bafu lako ni zuri, mwanangu," akasema. "Ni miguu yangu."

Siku ya kumi na mbili kifua kilianza kumbana. Siku ya kumi na saba, mchana, Metrine akiwa ametoka kununua maji ya kunywa na Jairus akiwa amemshika mkono, mama yao alivuta pumzi, akaacha.

Walimzika Ngao, juu kwenye mwinuko, kwa sababu makaburi ya zamani yalikuwa yamefikiwa na mto. Watu walikuwa wengi. Mhubiri alisema Hawo alikuwa mama aliyejaliwa watoto wema, na Jairus akainamisha kichwa kama anavyoinamisha mtu anayesifiwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi waombolezaji walikuwa wamepungua, na mahema ya kukodi yalikuwa yanakunjwa. Jairus alichukua taulo aende kuoga. Koki kuu, ile iliyo nje ya ukuta wa bafu, aliikuta imefungwa. Hakuwaza sana, akaifungua, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hakuwa amevua hata shati aliposikia. Fundi wa mabomba husikia maji kabla ya kuyaona. Ilikuwa sauti nyembamba, kama mtu anayenyamazisha mtoto, ikitoka nyuma ya kigae kilicho chini ya shawa. Kisha akayaona: mstari wa maji ukishuka ukutani, ukifika sakafuni, ukikatiza mbele ya mlango mpaka kwenye tundu la maji. Sakafu ilikuwa na mwinamo mzuri. Aliupima mwenyewe. Maji yalikuwa yakifuata kabisa pale alipoyaelekeza, na njiani mwake palikuwa na ukanda wa kijani, laini, wenye mikwaruzo ya brashi. Mtu alikuwa ameusugua, ukaota tena, akausugua tena.

Jairus alipiga magoti. Kigae kilitoka kwa vidole, kama alivyokusudia kitoke. Nyuma yake elbo ya plastiki ilikuwa imegandwa na chumvi nyeupe pande zote, nene kama ukucha wa kidole gumba, na katikati ya chumvi ile ufa mdogo ulikuwa ukitema maji. Kwa wateja alikuwa na mazoea ya kutazama chumvi na kuwaambia kiungo kimevuja tangu lini, nao hushangaa. Aliitazama hii. Haikuwa ya majuma matatu. Ilikuwa ya miezi minane, labda tisa.

Nyuma ya choo alikuta beseni la bluu, na ndani yake vipande vya gunia na leso kuukuu vimekunjwa vizuri, vimekauka.

Alitoka nje akiwa amelowa magoti. Metrine alikuwa uani akisugua masufuria ya msiba. Aliuona uso wa kaka yake, akaitazama ile koki kuu iliyofunguliwa, akaacha kusugua.

"Ulijua," Jairus alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

Metrine hakulia wakati ule. Alieleza polepole, akiwa ameshika sufuria kama mtu anayetaka kitu cha kushika. Yeye alipanga chumba Tarasaa, ambako aliuza nguo, na kila Jumamosi alikuja Ngao kumfulia mama. Siku moja ya Novemba alikanyaga maji bafuni, akauliza, mama akamwonyesha. Akasema atampigia Jairus saa ile ile. Mama alimnyang'anya simu mkononi. Alisema Jairus akijua hatalala. Alisema kijana ana kazi za watu, na jina lake Garsen ni kubwa, na yeye amewaleta akina mama wote wa kanisa hapa kulisikiliza bafu. Isije ikasemwa kwamba fundi ameshindwa na bafu la mama yake. Atafunga maji pale nje, atafungua akitaka kuoga, ataweka beseni. Mbona kule kambini alioga kwenye magunia. Alimwapisha. Alipojua Jairus anakuja, alisugua tangu alfajiri, akachota ndoo mapema.

"Mara tatu nilishika simu," Metrine alisema. "Mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa Juni."

"Ningekuja siku hiyo hiyo."

"Najua. Hata yeye alijua. Ndiyo maana alikataa."

Jairus aliketi chini, palepale kwenye mchanga. Angeweza kunyamaza. Metrine alikuwa amejibebesha kosa lote tayari, lilionekana mabegani mwake, na mtu mwingine angemwachia. Alimwambia. Alimwambia kuhusu elbo tatu na mfuko ulioandikwa jina la mama, kuhusu Truphena na wageni wake wa Ijumaa, na kwamba kigae kile alikibandika kwa saruji kidogo makusudi kwa sababu alijua siku anakibandika kwamba kilicho nyuma yake hakifai.

Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo wewe ulijua kabla yangu."

"Nilijua kabla ya wote."

Hapo ndipo Metrine alipolia, kwa sauti, sufuria mapajani, na Jairus hakujua kama ana haki ya kumgusa. Hakumgusa.

Alasiri ile ile alipanda pikipiki mpaka Garsen. Batula, ambaye alikuwa amekuja mazishini siku tatu tu zilizopita, alimpa pole tena, kisha akamuuliza anataka nini. Jairus alisema elbo moja. Batula aliitoa, akaiweka kaunta, na kwa mazoea ya miaka, bila ubaya wowote, akasema, yenye meno ya shaba. Alingoja Jairus aseme yale mengine. Jairus aliichukua, akatoka.

Aliifunga kabla jua halijashuka. Alikata kipande kibovu, akayeyusha na kuunga bomba, akazungusha utepe, akaikaza koki kwa mkono na kumalizia kwa spana, mzunguko mdogo tu, jinsi inavyotakiwa. Alijaza maji, akafunga mifereji yote, akaacha mpaka kesho yake. Asubuhi alipitisha karatasi kavu kwenye kiungo. Ilitoka kavu. Aliipitisha tena, akaigeuza, akaipitisha mara ya tatu, na kila ilipotoka kavu ilimuuma zaidi, kwa sababu kazi yote, tangu kukata mpaka kukaza, ilikuwa imechukua chini ya saa moja.

Kabla ndugu hawajatawanyika aliwaomba wazee wa ukoo wakae, akawaeleza. Alisimama mbele yao kama alivyosimama utotoni alipovunja mtumbwi wa mtu, akitazamia fimbo. Hawakumpiga wala kumlaumu. Walisema ajali ni ajali, walisema wazee huanguka hata mahali pakavu, walisema Mungu alikwisha kupanga. Mjomba wake alimshika bega na kumwambia aache kujitesa. Jairus aliitikia kwa heshima. Alihisi kama mtu aliyebeba mzigo kwenda mahali akakuta hakuna wa kuupokea.

Miezi miwili hakufanya kazi. Simu ililia, akaiacha. Mke wake aliwaambia watu anaumwa, na haikuwa uongo. Alikonda. Usiku na mchana aliona kitu kimoja tu, si mama yake akianguka bali mama yake amepiga magoti yale mabovu juu ya sakafu, na brashi mkononi, akisugua ili mwanawe akija asione.

Mwezi wa Oktoba alifungua kisanduku cha vifaa na kukaa karibu nacho siku nzima. Akaanza kukumbuka. Bafu la mama halikuwa mahali pekee aliposema atarudi. Zilikuwepo nyumba nyingine nne, katika miaka kumi na tisa, ambazo aliacha kitu kisichofaa kwa sababu ya haraka, akaahidi moyoni kurudi. Aliziandika kwenye karatasi. Kesho yake akaenda.

Mbili alizikuta bado zinashikilia, akabadilisha, wenyewe wakashangaa kwa nini. Ya tatu ilikuwa imebomolewa na mafuriko. Ya nne ilikuwa ya mwalimu Martin, mzee mstaafu, pale Tarasaa. Jairus alibisha hodi, akasalimu, akasema amekuja kubadilisha kiungo cha shawa alichokifunga miaka sita iliyopita. Mwalimu Martin alimkaribisha, akamketisha, akamwambia kwa upole kwamba kiungo kile kilibadilishwa zamani. Kilianza kuvuja wiki ya pili. Waliita fundi mwingine kutoka Witu.

"Mbona hukuniambia, mwalimu?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Tungekuambiaje, Jairus? Ulikuwa ukisimama pale dukani ukitufundisha sote. Mke wangu alisema tutakuaibisha."

Jairus aliishika glasi ya maji aliyopewa, asiinywe. Alitaka kuuliza ni wangapi wengine. Alimshukuru mwalimu, akamwomba radhi, akatoka, na mbele kidogo ya lango akakaa kando ya barabara ya Malindi juu ya kisanduku chake cha vifaa huku magari yakimpita. Miezi yote ile alikuwa amejilaumu kwa sababu ya elbo. Sasa aliona kwamba elbo ilikuwa kitu kidogo. Mama yake alikuwa na ufa ukutani na mtoto fundi umbali wa saa moja, na hakuweza kumwambia. Mtu aliyemfanya asiweze kumwambia alikuwa yeye, Fundi Shaba, kwa jina lake na mahubiri yake na uso wake unaobadilika mtu akitaja kosa lake. Aliujua uso huo. Mke wake aliwahi kumwambia juu yake, naye alikasirika.

Alirudi kazini, kwa sababu watoto wake walikula kwa kazi hiyo. Ila dukani kwa Batula alichagua vitu vyake kimya, na mteja akiuliza, alijibu alichoulizwa tu. Jina la Fundi Shaba watu waliendelea kumwita, naye aliitikia.

Nyumba ya Ngao ilikaa imefungwa mpaka Januari. Metrine hakutaka kuikanyaga, kisha kodi ya chumba chake ilipanda, kisha akasema ni aibu nyumba ya mama kuliwa na mchwa. Alihamia na watoto wake wawili. Yeye na Jairus walikuwa wakisalimiana kwa simu kila Jumapili baada ya ibada, maneno machache, ya afya na ya shule za watoto. Habari za bafu hawakuzigusa.

Jumapili moja ya Februari Metrine alipiga asubuhi, kabla ya ibada.

"Kaka," alisema, "choo kinavuja. Kule nyuma, panapoingia maji. Kimeanza leo."

Jairus alikuwa ameshavaa shati la kanisani. Aliondoka nalo hivyo hivyo, akamwacha mke wake aende ibadani na watoto. Alifika Ngao kabla watu hawajatoka kanisani. Ulikuwa mpira wa kiungo tu, umelika kwa mchanga, kitu cha dakika kumi. Alibadilisha, akapitisha karatasi, akaosha mikono. Metrine alikuwa amesimama mlangoni. Alimuuliza kama kitakaa.

Zamani angekuwa na jibu refu. "Sijui," alisema. "Ukiona hata unyevu, nipigie. Hata kama ni mimi niliyekosea. Hasa kama ni mimi."

"Nitapiga," Metrine alisema.

Jairus alitikisa kichwa kukubali, akatoka kwenye baraza akafute kisanduku chake, na akiwa ameinama pale kilio kikamjia, kile ambacho hakikumjia Malindi wala kaburini wala mbele ya wazee. Kilimtoa sauti. Kibibi alikuwa akipita kutoka kanisani na Biblia kwapani. Alisimama, akamtazama, akaendelea na safari yake bila kusalimu. Ndani, Metrine aliwaambia watoto wamwache mjomba, akafunika chakula kisipoe.